Wizi Mmoja Wenye Majina Mengi



Juma hili tunataka kulizungumzia jambo ambalo watu wamezoea kulisemea sokoni na kulinyamazia kanisani. Katika nchi yetu ya Tanzania upo wizi unaofanyika mchana kweupe, shahidi wake ni kila apitaye njiani, na kila mkoa umeupatia jina. Kwa mkulima wa mahindi na viazi unaitwa lumbesa: gunia hujazwa hadi mdomoni, likashonewa juu yake kipande cha gunia jingine, likajazwa tena, na mwisho likalipwa kama gunia moja. Kwa mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi unaitwa kangomba: mchuuzi huingia kijijini kabla ya mnada, akazinunua korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei yake mwenyewe. Kwa mkulima wa kahawa wa Kagera unaitwa butura, na kwa mwenzake wa Mbinga unaitwa magoma: kahawa huuzwa ikingali mtini, pengine ikingali maua, kwa fedha ya kutatua shida ya leo.

Majina ni manne. Wizi ni mmoja. Kiini chake ni kwamba mwenye fedha anayeweza kungoja amekutana na mwenye mazao asiyeweza kungoja. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini hawakutuambia kwamba subira nayo ina gharama, na kwamba maskini mara nyingi hana cha kuilipia. Ndiyo maana tunasema leo, bila kuzunguka: kujitegemea kwa mkulima mdogo maana yake ni kuweza kungoja. Kila mpango unaotajwa kuwa wa kumkomboa mkulima, uwe wa Serikali, wa shirika la misaada au wa Kanisa, na upimwe kwa swali hilo moja: je, unamwongezea siku za kungoja, au unampunguzia?

Tufanye hesabu kidogo, maana dhambi nyingi hujificha mahali ambapo watu hawapigi hesabu. Gunia la kilo 100 ni kama debe 6 za mahindi. Tuseme familia imevuna magunia 24 ya namna hiyo, yaani debe 144. Mnunuzi akija na lumbesa ya debe 8, mavuno yale yale yanakuwa magunia 18. Magunia 6 yametoweka bila kulipiwa hata senti. Robo ya mavuno, robo ya jasho la baba, mama na watoto, imeliwa na uzi na sindano ya kushonea gunia! Mwizi akivunja ghala usiku na kuchukua gunia moja, kijiji kizima kitapiga yowe. Huyu amechukua sita, na tumempokea kwa chai.

Tupige na hesabu ya pili. Tuseme mwezi Februari, ghala likiwa tupu, mama anakopa shilingi 60,000 kwa ahadi ya kulipa magunia mawili wakati wa mavuno. Mavuno yanafika, gunia ni shilingi 50,000. Amelipa 100,000 kwa 60,000. Februari inayofuata gunia limepanda hadi 90,000, na mama huyo huyo anarudi kwa mkopeshaji yule yule kununua mahindi ambayo pengine yalitoka shambani kwake. Hapo ndipo tunapoona kwamba mkulima huyo hakuuza mahindi yake. Aliiuza njaa yake mwenyewe kabla haijafika, kisha akainunua tena kwa bei kubwa zaidi.

Wapo watakaotujibu kwamba mkulima ni mvivu, au hajaelimika, au hapendi mabadiliko. Maneno hayo tumeyasikia katika semina nyingi, mara nyingi yakitoka kwa watu ambao mikono yao haijapata sugu la jembe. Tunauliza: mvivu gani anayelima ekari tatu kwa jembe la mkono? Mkulima anayeuza kahawa ikiwa maua anajua vizuri kuliko mwalimu wa semina kwamba anapunjwa. Anauza kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, kwa sababu mgonjwa yuko hospitali, kwa sababu deni la mbolea limeiva kabla ya mahindi. Ukimfundisha mtu huyo hesabu za biashara bila kumwondolea haraka hiyo, umemfundisha tu kuhesabu hasara yake kwa usahihi.

Mfano wa wazi tuliupata mwishoni mwa mwaka 2018. Bei ya korosho mnadani ilipoanguka na wakulima wakagoma kuuza, Serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei hiyo ilikuwa nzuri. Lakini aliyekuwa amekwisha kuuza kwa kangomba miezi iliyotangulia bei hiyo haikumfikia, na wengi waliokuwa na korosho zao halali walingoja malipo muda mrefu wakati uhakiki ukiendelea. Bei nzuri humfaa yule anayeweza kuisubiri. Asiyeweza kusubiri huisikia redioni tu.

Sasa, haraka hii ya mkulima inatoka wapi? Sehemu yake kubwa inatoka shambani kwenyewe, katika namna anavyolima. Mkulima aliyefundishwa kwamba hawezi kulima bila kununua mbegu kila mwaka, mbolea kila mwaka na dawa kila mwaka, huanza msimu akiwa na deni. Na bei ya deni hilo hapangi yeye. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoongezeka juu ya kupanda kwa bei ya gesi, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulivuka shilingi 100,000 katika maeneo mengi ya nchi yetu, hadi Serikali ikalazimika kuweka ruzuku. Tunaishukuru ruzuku. Lakini shamba la Rukwa ambalo haliwezi kuzaa mpaka amani ipatikane Ulaya ni shamba la nani hasa?

Hatusemi kwamba mbolea ya viwandani ni dhambi. Ardhi iliyochoka kabisa inahitaji dawa, na nchi yetu ina mwamba wake wa fosfati pale Minjingu, mkoani Manyara. Tunachokikataa ni fundisho kwamba udongo ni kitu kisicho na uhai cha kusimamishia mahindi, na kwamba rutuba hupatikana dukani tu. Fundisho hilo wazee wetu wangelicheka. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda, waligundua kilimo cha ngoro muda mrefu kabla ya afisa ugani wa kwanza. Nyasi zilizokatwa hulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na mlima wote ukawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuubeba udongo kwenda mtoni, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea ya maharage na mahindi. Wachaga wa Kilimanjaro nao katika kihamba waliweka miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na ng'ombe zizini akirudisha samadi shambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Dunia imekuja kuheshimu kile ambacho baadhi yetu tulifundishwa kukiita ushamba.

Kanisa pia lina ushuhuda wake. Wabenediktini wa Peramiho walilieneza marejea miongoni mwa wakulima wa kusini: mmea wa jamii ya mikunde ambao huvuta naitrojeni kutoka hewani, huifungia katika udongo, hufunika magugu, na ukifukiwa huacha shamba likiwa na nguvu kwa mahindi yajayo. Mbaazi na kunde hufanya kazi ya namna hiyo huku zikitupatia mboga. Naitrojeni hiyo haisafiri kwa meli, haina wakala, wala haipandi bei kwa sababu ya vita.

Na katika mbegu tuseme kwa haki. Mahindi chotara huzaa sana yakipata mvua na mbolea ya kutosha. Lakini ukihifadhi mbegu kutoka mavuno yake na kuipanda tena, mazao hupungua, na hivyo kila msimu lazima urudi dukani. Zipo mbegu za uchavushaji huru kama Staha, Kilima na Situka, zilizozalishwa na watafiti wetu wenyewe hapa nchini, ambazo mkulima makini anaweza kuzichagua shambani, kuzihifadhi na kuzipanda tena kwa misimu kadhaa. Mwenye mtaji na achague chotara. Lakini asiye na mtaji asishawishiwe kuweka rehani debe zake mbili za mwisho kwa ajili ya pakiti ya mbegu, halafu mvua ikatike.

Baada ya shamba kuna ghala, na hapa ndipo vita vyenyewe vilipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, alipojulikana katika mkoa wa Tabora, wakulima wengi wamelazimika kuuza mapema kwa kuogopa kubaki na unga wa mdudu. Leo ipo mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, ambayo ikifungwa vizuri hewa hukatika na mdudu hufa bila dawa yoyote. Lakini mahindi yakaushwe kwanza juu ya turubai, si juu ya udongo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuhifadhi mahindi mabichi ni kujihifadhia kifo. Mfuko mmoja wa aina hiyo hugharimu kidogo sana ukilinganishwa na debe mbili zinazopotea katika lumbesa moja.

Tukifika kwenye maghala, wahubiri wengi hukimbilia kwa Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeweka akiba miaka saba ya shibe na kuiokoa Misri katika miaka saba ya njaa. Tunamsifu, na ni haki. Lakini tusiishie sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo. Tuendelee hadi ya 47. Maghala yalikuwa mengi, lakini ufunguo ulikuwa wa Farao. Watu walikuja kununua chakula kwa fedha zao zikaisha. Wakaja na mifugo yao ikaisha. Mwisho wakatoa mashamba yao na miili yao wenyewe, wakawa watumwa katika ardhi ya baba zao. Waliokoka na njaa, wakapoteza uhuru. Na Maandiko yanaongeza neno moja ambalo sisi makuhani tuna sababu ya pekee ya kulisoma kwa hofu: makuhani wa Misri peke yao hawakupoteza ardhi, kwa kuwa walikuwa na posho ya Farao. Funzo letu ni hili: chakula kikiwa chote katika ghala la mtu mmoja, awe mfanyabiashara au awe Serikali, njaa ya wengi huwa utawala wa mmoja. Ghala la mkulima na liwe karibu na mkulima, na ufunguo uwe mikononi mwa wenye mahindi.

Kujitegemea vilevile hakuagizwi kwa amri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kweli lilipokataa kuifanya fedha ya wageni kuwa msingi wa maendeleo yetu. Lakini wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuungana tangu mwaka 1925, na chama chao kikawa KNCU mwaka 1933, bila kusukumwa na Azimio lolote. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa uamuzi wa Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Vilivyorudi vilikuta imani ya wanachama imejeruhiwa, na katika sehemu nyingi jeraha hilo halijapona. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho mwaka 2007, una wazo jema kabisa: mkulima aweke mazao ghalani, apate hati, naye angoje bei. Unapoharibika, huharibiwa na makato yasiyoeleweka na malipo yanayochelewa, yaani kwa kumrudisha mkulima mahali pale pale pa kutoweza kungoja.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Papa Yohane XXIII, mwana wa wakulima wa Sotto il Monte, aliandika katika waraka wake wa Mater et Magistra wa mwaka 1961 kwamba wakulima wenyewe ndio wawe watendaji wakuu wa maendeleo yao, na kwamba waungane katika ushirika. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba wazalishaji wadogo ndio wanaolisha sehemu kubwa ya watu wa dunia. Na zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 15, Wafransisko wa Italia walianza kuweka maghala ya nafaka yaliyokopesha maskini mbegu wakati wa kupanda, nao wakarudisha wakati wa kuvuna pamoja na nyongeza ndogo. Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba padre anayezungumzia mahindi ameiacha Injili.

Wafanyabiashara wetu, ambao wengi ni Wakristo wenzetu na huketi viti vya mbele, watatuambia: "Baba, barabara ni mbaya, mafuta ni ghali, na ushuru, upakiaji na gari vinatozwa kwa idadi ya magunia." Tunawasikia. Gharama zao ni za kweli, na bila wao mahindi yangeozea mlimani. Tena hapo wametuonyesha mzizi mmojawapo: kila mahali panapotozwa kwa gunia badala ya kwa kilo, lumbesa imepewa mbolea. Halmashauri inayolaani lumbesa jukwaani na kutoza kwa gunia getini inajipinga yenyewe. Lakini barabara mbaya haihalalishi kipimo kibaya. Kama gharama ni kubwa, itajwe katika bei, mkulima aisikie na aijibu. Nabii Amosi aliwakemea wale waliopunguza kipimo na kuongeza bei huku wakingoja sikukuu ipite ili wauze nafaka. Anayenunua kwa lumbesa siku ya Jumamosi na kutoa sadaka nono siku ya Jumapili ajue kwamba ametoa mali ya jirani yake. Anayetaka kutubu na afuate mfano wa Zakayo: kwanza arudishe.

Basi tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa kila kigango.

Kwanza, kila kigango kiwe na mzani. Jumuiya ndogo ndogo zichange, zinunue mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mahindi yasitoke kijijini bila kupimwa kwa kilo. Mtu mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi humwacha na kwenda kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi atakubali mzani, maana naye ameacha gari linalolipiwa kwa siku.

Pili, liwepo ghala dogo la pamoja, hata kama ni chumba kimoja chenye chaga na kufuli mbili, na ufunguo mmoja uwe mikononi mwa WAWATA. Akina mama ndio wanaoijua Februari kuliko mtu yeyote.

Tatu, VICOBA na SACCOS zetu zipange fedha zao kwa kalenda ya shamba. Mfuko unaogawa fedha zote mwezi Desemba kwa ajili ya vitenge vya sikukuu, halafu hauna kitu mwezi Februari, umewaacha wanachama wake mikononi mwa butura. Mkopo wa shilingi 60,000 uliotolewa kwa wakati waweza kuokoa magunia mawili.

Nne, ardhi ya Kanisa iwe darasa. Palipo na ekari za parokia, pawekwe shamba la mfano lenye mboji, marejea, mbaazi na mbegu za kuhifadhi, vijana wa VIWAWA walime, na mavuno yapimwe hadharani, ili watu waamini kwa macho na si kwa mahubiri.

Msaada wa chakula wakati wa njaa ni wajibu, nasi hatutaufungia mlango. Lakini msaada unaokuja kila mwaka, katika kijiji kile kile ambacho kila mwaka kinauza mavuno yake mwezi Juni kwa bei ya kutupa, si huruma kamili. Ni kumfunga jeraha mtu huku tukimwacha aliyemjeruhi aendelee kupita njia ile ile.

Kanisa humkumbuka Mtakatifu Isidori Mkulima tarehe 15 Mei, wakati ambapo katika mikoa yetu mingi mahindi yanaanza kukauka shambani na magari ya wanunuzi yanaanza kuonekana barabarani. Mtakatifu huyo alilima maisha yake yote shamba la mtu mwingine. Sisi wengi tunalima la kwetu. Tusikubali kuwa vibarua katika shamba letu wenyewe kwa sababu ya gunia lililoshonewa kichwa cha pili.

Mwenyezi Mungu abariki kazi ya mikono yenu, awape mvua kwa wakati wake, na awape nguvu ya kungoja.